Kushika Simu Penye Mtandao Dhaifu

Si kila sauti inayokatika simuni ni kosa la kampuni ya simu, wala si kila mahali panapokosa mtandao pamekosa mnara. Aghalabu kizuizi kiko karibu zaidi kuliko msemaji anavyodhani, nacho ni kiganja chake mwenyewe. Mtu aliye mjini, ambaye mnara unaonekana juu ya mapaa ya jirani zake, aweza kuishika simu yake apendavyo asione tofauti yoyote. Lakini yule aliye shambani, au ndani ya nyumba yenye kuta nene za mawe, au chomboni mbali na pwani, ambaye simu yake inaambulia masalio tu ya mawimbi ya mnara, huyo jinsi anavyoviweka vidole vyake yaweza kuamua kama atasikika au atabaki akisema "halo, halo" peke yake. Mwongozo huu umekusudiwa yeye. Utamweleza kwa nini mkono una athari hiyo, namna ya kuipima kwa hesabu badala ya kukisia, na jinsi ya kushika simu kwa kila kazi, iwe ni kuzungumza, kutuma fedha ama kutazama mpira.

Mkono unafanya nini

Zamani antena ilichomoza juu ya simu, na kila mtu aliijua na kuiheshimu. Nokia 3210, iliyotoka mwaka 1999, ilikuwa miongoni mwa simu za mwanzo zilizoenea kwa watu wengi ilhali antena yake imefichwa ndani, na tangu hapo watumiaji wakasahau kwamba ipo. Simu za leo zina antena kadhaa, na kwa kawaida ile kubwa inayorusha mawimbi kwenda mnarani huwekwa ukingo wa chini, penye tundu la chaji, ili iwe mbali na kichwa cha msemaji, na nyingine ya kusaidia kupokea huwekwa ukingo wa juu. Ziko pia za Wi-Fi na za kutafuta mahali ulipo, ambazo mara nyingi hukaa pembeni. Kwa kuwa hazionekani, hakuna ajihadhariye asizifunike.

Mkono huidhuru antena kwa njia mbili. Ya kwanza ni kunyonya: mwili wa binadamu umejaa maji yenye chumvi, na maji ya namna hiyo huyameza mawimbi ya redio na kuyageuza kuwa joto hafifu lisilohisika, kwa hiyo sehemu ya nguvu iliyokusudiwa kwenda mnarani huishia katika nyama ya kiganja. Ya pili ni kuiharibia antena mizani yake. Kila antena hutengenezwa kwa kipimo kinachoafikiana na urefu wa wimbi inalolitumikia. Wimbi la megahezi 900 lina urefu wa takriban sentimita 33, na la megahezi 1800 lina nusu ya hizo. Kidole kikiikaribia mno, antena hupotewa na ule mwafaka wake na masafa iliyoundiwa, na nguvu inayopelekwa kwake badala ya kutoka nje hurudi ilikotoka.

Tena masafa ya chini, kama yale ya megahezi 800 na 900, ndiyo yanayosafiri mbali na kupenya kuta, na kwa sababu hiyo ndiyo yanayomfikia mtu wa shamba; lakini katika masafa hayo simu ni fupi mno kuliko wimbi lenyewe, hata umbo lake zima hushiriki pamoja na antena katika kurusha na kupokea. Ndiyo maana kuibana simu kwa mkono wote huumiza zaidi kule ambako mtandao tayari ni haba.

Na ikumbukwe kwamba mawasiliano ni ya pande mbili. Mnara hurusha kwa makumi ya wati, ilhali simu ya 4G kwa kawaida haizidi takriban wati 0.2, na ile ya 2G katika megahezi 900 kikomo chake ni wati 2. Hivyo hutokea mara nyingi ukamsikia mwenzako vizuri naye akalalamika kwamba husikiki: sauti ya mnara imefika, yako imefia mkononi. Kuizungushia simu kiganja kizima katika hali hiyo ni sawa na kumwita nahodha aliye ng'ambo ya mlango wa bahari huku umejiziba kinywa. Juu ya hayo, simu ikihisi kwamba mnara hauisikii huongeza nguvu ya kurusha hadi ifike kikomo chake, na hapo ndipo unapoiona inapata moto na chaji inakwisha kabla ya jua kutua.

Kisa cha mwaka 2010

Mafundi walilijua jambo hili kwa miaka mingi, na vitabu vya maelezo vya simu za Nokia viliwaonya wanunuzi wasiiguse bure sehemu ya antena wakati simu inatumika. Lakini lililolitangaza duniani kote ni simu moja ya Marekani. Tarehe 24 Juni 2010 kampuni ya Apple ilianza kuuza iPhone 4, ambayo ukingo wake wa chuma cha pua ndio uliokuwa antena zenyewe, zikitenganishwa na nyufa nyembamba, na ufa mmoja ulikuwa upande wa kushoto karibu na chini, mahali hasa ambapo hukaa kiganja cha mtu ashikaye simu kwa mkono wa kushoto. Mara wanunuzi wakalalamika kwamba wakiufunika ufa huo vijiti vya mtandao vinaporomoka. Steve Jobs, mkuu wa kampuni, akamjibu mmoja wao kwa barua pepe kwamba aepuke kuishika hivyo. Jibu hilo liliwaudhi wengi, ijapokuwa kama shauri la kifundi halikuwa na kosa.

Wapimaji wa tovuti ya AnandTech walipoibana simu hiyo kwa nguvu kiganjani waliona imepoteza kati ya desibeli 24 na 25, na iliposhikwa kwa kawaida karibu 20. Ili kuzifahamu hesabu hizo, msomaji ajue kwamba desibeli 3 zikipotea nguvu imebaki nusu, 10 zikipotea imebaki sehemu moja ya kumi, na 20 zikipotea imebaki sehemu moja ya mia; kwa hiyo kilichosalia katika kule kubanwa hakikufika hata sehemu moja ya mia mbili. Insafu yataka tuseme pia kwamba simu mbili zilizolinganishwa nayo, iPhone 3GS na Nexus One, zilipobanwa vivyo hivyo zilipoteza takriban 14 na 18. Hakuna iliyosalimika, zilizidiana kwa kadiri tu.

Jarida la Consumer Reports likatangaza tarehe 12 Julai kwamba haliwezi kuipendekeza simu hiyo kwa wasomaji wake, na likaonyesha kuwa utepe mzito ukibandikwa juu ya ule ufa, hitilafu hupungua. Siku nne baadaye Jobs alikutana na waandishi wa habari huko Cupertino, California, akaonyesha simu za kampuni nyingine zikipoteza vijiti mkononi, kisha akaahidi kuwapa wanunuzi makava bure. Na lile kava halikuwa kiini macho: katika vipimo vya AnandTech, simu ile ile iliyopoteza desibeli 20 ikiwa tupu mkononi ilipoteza takriban 7 tu ilipotiwa kavani. Mnamo Oktoba 2011 iPhone 4S ikatoka ikiwa na uwezo wa kuhama kati ya antena mbili na kuitumia ile yenye nafuu, na tangu wakati ule watengenezaji wengi wamefuata njia hiyo. Dawa hiyo imepunguza tatizo pasipo kulimaliza, kwani mtu akizifunika antena zote mbili, simu haina pa kuhamia.

Soma hesabu, uviache vijiti

Funzo lingine la kisa hicho ni kwamba vijiti vya mtandao ni shahidi asiyeaminika. Tarehe 2 Julai 2010 Apple wenyewe walikiri kwamba hesabu yao ya kuvionyesha ilikuwa na kosa, simu ikionyesha vijiti vingi kuliko ilivyostahili. Vijiti vyote vitano viliwaka hata nguvu iliposhuka hadi karibu -91 kwa kipimo cha dBm, ambacho tutakieleza hapa chini, na vinne vya chini vikagawana nafasi finyu iliyobaki hadi -113 ambapo mtandao hukatika. Kwa hiyo mtu aliyekuwa ukingoni mwa ile -91, akidhani amejaaliwa mtandao tele, alipoibana simu aliona vyote vinatoweka kwa mkupuo. Hadi leo kila mtengenezaji huvigawa vijiti kwa kanuni yake, na viwili vya simu moja vyaweza kuwa sawa na vitatu vya nyingine.

Basi itafute hesabu yenyewe, ambayo huandikwa kwa kipimo hicho cha dBm. Katika simu nyingi za Android utaiona ukiingia Mipangilio, kisha Kuhusu Simu, kisha Hali ya SIM, palipoandikwa nguvu ya mawimbi. Na mwenye laini mbili ataona kila laini na hesabu yake. Simu nyingine za Android hukubali pia kufunguliwa ukurasa wa majaribio kwa kubonyeza *#*#4636#*#*, na wenye iPhone hupiga *3001#12345#*. Hesabu hiyo ni ya hasi, kwa hiyo kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo nguvu inavyozidi: katika 4G, -80 ni nzuri sana, -95 yatosha kwa kila kazi, -110 ni dhaifu, na ikishapita -115 jiandae kukatikiwa. Tahadhari moja ni lazima: usilinganishe hesabu ya 4G na ya 2G, maana zinapimwa kwa njia mbalimbali, 2G ikisoma -105 imekwisha nguvu, ilhali 4G ikisoma hivyo bado inaweza kukuhudumia.

Jaribio la kuijua simu yako

Chagua mahali ambapo mtandao ni wa wastani au dhaifu, kwani penye mtandao wa nguvu hutaona la maana. Weka simu juu ya meza ya mbao, si ya chuma, uso ukiwa juu. Fungua ukurasa wa hesabu, ondoa mikono, ungoje kama nusu dakika, kisha usome. Halafu fanya yafuatayo moja baada ya jingine, kila mara ukingoja kadiri ile ile kabla ya kusoma: funika ukingo wa chini kwa kiganja, uachilie, ufunike ukingo wa juu, uachilie, ushike ubavu wa kushoto, kisha wa kulia, mwisho uishike kama ulivyozoea unapozungumza, kwa mkono wa kulia, halafu wa kushoto.

Hesabu hupanda na kushuka kidogo hata simu isipoguswa, kwa hiyo tofauti ya 3 au 4 usiijali. Rudia jaribio mara kadhaa, na lile linaloshusha hesabu kwa 8, 10 au zaidi kila mara unapolirudia, hapo ndipo pa kuepuka. Angalia pia kwamba simu haikuhama kutoka 4G kwenda 3G katikati ya kupima, maana ikihama, vipimo vyako havilingani tena. Mwenye simu ya mwili wa bati au alumini ana dalili ya ziada: mistari myembamba ya plastiki inayokatiza karibu na juu na chini ni mipaka ya antena, na vidole visikae juu yake.

Usishangae ukikuta mkono mmoja una nafuu kuliko wa pili. Gert Frølund Pedersen wa Chuo Kikuu cha Aalborg, Denmark, alipima simu 26 mwaka 2016 kwa ajili ya Baraza la Mawaziri la nchi za Nordiki, akiziweka kando ya kichwa na mkono wa bandia, na akaona kwamba simu moja yaweza kutoa matokeo mengine kabisa ikihamishwa kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto. Sababu ni nyepesi kuiona: antena haikai katikati kabisa, na kiganja cha mkono mmoja huangukia juu yake ilhali cha mkono wa pili huangukia pembeni.

Kushika kwa kila kazi

Unapozungumza, shika simu kwa ncha za vidole kwenye mbavu zake, kati na kidogo kuelekea juu, ukiacha uwazi kati ya mgongo wake na kiganja, na kidole kidogo kisiegemezwe chini ya ukingo wa chini kama watu wengi walivyozoea, kwani hapo ndipo antena kuu ilipo. Usiukandamize uso wa simu sikioni, kwa kuwa kichwa nacho kinanyonya. Penye mtandao mbaya kabisa, bora uiache mezani au dirishani ukatumia spika ya nje au visikilizi vya masikioni. Hapo mkono na kichwa vyote viwili vimeondoka njiani.

Unapotuma fedha kwa menyu ya namba, kama ile ya *150*00#, shughuli hupita hatua nyingi, na mawimbi yakidondoka katika hatua mojawapo menyu hufungwa kabla hujamaliza. Iweke simu juu ya meza au juu ya kitabu, ubonyeze kwa kidole kimoja, na usiinue hadi ujumbe wa uthibitisho ufike. Ikikatika baada ya kuingiza namba ya siri, usirudie papo hapo. Tazama salio kwanza, maana huenda fedha imekwisha kwenda na kilichopotea ni jibu tu.

Anayetazama mpira au kucheza mchezo huilaza simu, akaishika kwa mikono miwili, na bila kujua akaziba ukingo wa juu kwa kiganja kimoja na wa chini kwa cha pili. Huo ndio mshiko mbaya kuliko yote, kwa sababu antena zote zimefunikwa kwa wakati mmoja, na hata ile hila ya kuhama kutoka antena moja hadi nyingine haifui dafu. Iegemeze simu kwenye kikombe au kitabu, au ishike kwa vidole kwenye mbavu zake ndefu. Na mwenye simu mbili, au simu na kompyuta, anayo njia bora zaidi: ile yenye kifurushi aiweke dirishani upande wa mnara, aifungue igawe intaneti kwa Wi-Fi, naye aketi na ile ya pili aishike apendavyo.

Kadhalika simu iliyofutikwa katika pindo la kanga au kutiwa mfuko wa suruali imezibwa na mwili upande mmoja, na penye mtandao haba aliyekupigia huambiwa kwamba hupatikani. Ukiwa unangoja simu muhimu, iweke mahali wazi. Kiwiliwili nacho ni ukuta: kabla ya kukata tamaa, geuka taratibu mahali pale pale ulipo huku ukiitazama hesabu, kwani huenda umeupa mnara kisogo na simu iko kifuani pako.

Makava na vibandiko

Kava la plastiki au mpira lina faida ndogo ya kweli, kwa vile linauweka mkono mbali kidogo na antena. Kava la chuma, au lenye bamba la sumaku la kunatisha simu garini, lina hasara isiyo na shaka likikaa juu ya antena. Kama huna budi kulitumia, bamba liwe katikati ya mgongo, mbali na ncha zote mbili. Hali ni hiyo hiyo kwa pete za chuma za kushikia simu. Ama vile vibandiko vinavyouzwa kwa madai kwamba huongeza mtandao au huzuia mionzi, usivitolee fedha. Tume ya Biashara ya Marekani imewaonya wanunuzi kwamba vizuizi vya namna hii vyaweza kuingilia mawimbi ya simu na kuifanya itumie nguvu nyingi zaidi, yaani vikaleta kinyume cha kile mnunuzi alichokikusudia.

Pasipo kosa la mkono

Mkono usitwishwe lawama isiyo yake. Ikiwa hesabu inasoma -85 na intaneti inasuasua, mawimbi yako salama, na huenda sababu ni msongamano wa watu katika mnara mmoja, kama inavyotokea jioni au siku ya sikukuu. Kushika simu kwa namna nyingine hakutasaidia kitu. Ikiwa hesabu ni -118 hata simu ikiwa mezani, tatizo ni mahali: paa la bati huyarudisha mawimbi yanayotoka juu, na kuta nene za mawe ya matumbawe katika miji ya kale kama Lamu na Unguja huyadhoofisha kabla hayajafika ukumbini. Hapo sogea dirishani, toka barazani, au panda ghorofa ya juu. Na ikiwa simu za wenzako walio kando yako, wenye laini ya kampuni ile ile, zinasoma vizuri na yako haisomi popote hata isiposhikwa, mpelekee fundi aitazame antena, hasa kama iliwahi kuanguka au kufunguliwa ili kubadilishwa kioo.

Kwa hiyo kabla hujanunua simu mpya au kuhama kampuni, iweke simu yako mezani na uisome hesabu, kisha uishike na uisome tena. Tofauti ikiwa ya 10 au zaidi, legeza vidole na uhamishe kiganja. Dawa hiyo haina gharama.